Uso wa Nta

Mwaka ule nyumba ya chumba kimoja ya Fulgencio Huallpa ilikuwa na mgeni: sanamu ya Mtakatifu Santiago wa kanisa la kijiji, yenye uso wa nta. Huko kwao, milimani Peru, kila mwaka nyumba moja humtunza mtakatifu, na akishawekwa mezani haondolewi mpaka sikukuu yake ya Julai. Mwenye nyumba na mkewe nao hawaruhusiwi kulala kwingine.

Shida ilikuwa jiko. Lilikuwa la udongo, la kupikia na la kuotea moto, hatua chache tu kutoka mezani. Fulgencio alisimamisha bati katikati, akatundika na magunia aliyoyalowesha asubuhi na jioni. Tuseme ukweli, hakuwa mkatili, alikuwa mwoga. Zamani, ilipokuwa zamu ya Eusebio, jirani yake, aliuacha moto uwake mno, pua ya mtakatifu ikadondoka, na mpaka leo watoto wanamwita Mpika Mtakatifu.

Eusebio mwenyewe alichungulia mlangoni, akacheka. "Ndugu yangu, bado mbichi huyo? Ukikwama niite, mimi ndiye fundi."

Maji ya magunia yalitiririka sakafuni, chumba hakikukauka. Hilaria, mke wa Fulgencio, akaanza kukohoa.

"Mzee wangu," alisema, "huyo bwana ana joho la mahameli, mimi nina blanketi lenye matundu. Nani hapa anahitaji moto?"

"Vumilia kidogo, mama. Julai si mbali."

"Hiyo Julai mtanibeba na mimi kwenye maandamano?"

Wakacheka wote wawili.

Juni ikaja na baridi yake ya kugandisha maji ndooni. Jioni moja Hilaria, meno yakimgongana, alijaza jikoni kinyesi kikavu cha ng'ombe mpaka moto ukanguruma. Fulgencio alipotoka zizini alikuta kidevu cha mtakatifu kinang'aa, kimeanza kulainika. Hakufikiri. Alinyakua ndoo ya kulowesha magunia, akaumwagia moto maji.

Hilaria hakugomba. Alijifunika, akageukia ukutani.

"Haya," alisema. "Nimekuelewa."

Maneno hayo yalimkata maini Fulgencio. Hata hivyo hakuwasha tena ila moto mdogo wa kuchemshia viazi. Kikohozi kikashuka kifuani, homa ikapanda, na kabla wiki haijaisha walimzika Hilaria katika ardhi iliyoganda hata majembe yakawa yanadunda.

Siku ya sikukuu wanaume wanne walimtoa mtakatifu juani. Kijiji kizima kilisogea kumkagua. Hata Eusebio alivua kofia.

"Halijayeyuka hata tone," wanawake walisema, wakimshika Fulgencio mikono. "Hakuna nyumba iliyowahi kumtunza vizuri hivi."

Fulgencio alirudi nyumbani peke yake. Aling'oa bati, akatupa magunia uani, akarundika jikoni kinyesi chote kilichobaki, akawasha. Chumba kikapata joto, joto kali, hata ikabidi asogeze kigoda chake nyuma.