Skrini Mpya na Nyumba ya Mchangani

Binti yangu alipoacha kuja kucheza nami, niliitupia skrini lawama. Lazima kitu kilaumiwe, na skrini haina mdomo wa kujitetea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, ingawa kwetu ni Wajir, upande wa Griftu, kwa Waborana wafugaji. Mama wa binti yangu na mimi tuliachana bila matusi. Alihamia Nairobi na mtoto, na kama ilivyo desturi ya kwetu, akaondoka na nyumba yake. Sisemi kuta. Kuta ni za tajiri ninayemlipa kodi. Alichukua masufuria, mikeka, mapazia, vibuyu vya maziwa, hata misumari ya ukutani aliyokuwa akitundikia nguo. Sikumlaumu. Kwetu nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata matawi na kuyapinda, yeye ndiye anayesuka mikeka ya kuyafunika, na siku ya kuhama ndiye anayeifungua na kuipakia juu ya ngamia. Mwanamume asiye na mke hana nyumba, hata awe na digrii. Mimi nilibaki na godoro, meza, kiti kimoja na kompyuta.

Kompyuta ndiyo iliyotuunganisha, mtoto na mimi. Kila Ijumaa baada ya swala, maduka yakiwa yamefungwa na mji mzima umejificha jua, nilikuwa nawasha yangu Garissa naye anawasha yake Nairobi, simu tumeziwasha sauti kubwa kando, tunaingia katika mchezo wa kujenga. Ni dunia ya matofali. Miti ni matofali, mawingu ni matofali, hata mbuzi ana kichwa cha mraba. Dunia hiyo ilikuwa yetu wawili peke yetu, na haikupotea mtu akizima mashine. Ukirudi wiki nyingine unakuta kila kitu pale pale mwenzako alipokiacha.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na sikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Alijenga madaraja na minara. Mimi nilifuga. Nilizunguka jangwa la mchezo nikikusanya ngamia, nikawajengea uzio, basi, nikaona nimemaliza maendeleo. Tatizo ni kwamba katika dunia ile jua huzama upesi, na likizama mazimwi hutoka. Mtu asiye na nyumba huuawa. Mimi niliuawa kila jua lilipozama.

“Aba, mbona hujengi nyumba?” aliniuliza mapema kabisa.

“Mwanamume hajengi nyumba. Muulize bibi yako.”

“Sasa utalala wapi?”

“Nje, na ngamia wangu. Babu yako alilala nje maisha yake yote na hakuna zimwi lililomgusa.”

Alicheka mpaka nikamsikia mama yake akimwambia apunguze sauti. Ukiuawa katika mchezo ule unarudishwa mwanzo wa dunia, mbali kabisa, na mimi nilikuwa sijui njia ya kurudi. Kwa hiyo alikuwa anaacha ujenzi wake na kunifuata. “Nakuja, Aba. Usisonge hapo.” Nami nasimama, nangoja, mpaka namwona akitokea juu ya kilima na nguo zake nyekundu. Niseme ukweli wangu: nilipenda kufa, kwa kuwa nilipenda kufuatwa. Hapa Garissa hakuna mwingine aliyekuwa ananifuata.

Halafu akaanza kupoa. Nakumbuka Ijumaa moja aliingia kabla yangu, nikamkuta amesimama karibu na uzio wa ngamia wangu.

“Aba, huoni kitu kipya?”

Nilikodoa macho. Skrini yangu ilikuwa kuukuu, niliinunua pamoja na mashine kutoka ofisi iliyokuwa inafungwa, na joto la Garissa lilikuwa limeimaliza. Rangi zake zilikuwa zimepauka kama chai iliyozidishwa maziwa.

“Naona mchanga,” nikasema.

“Angalia tena. Mbele yako kabisa.”

“Naona mchanga, naona ngamia, halafu naona mchanga tena. Umeniletea mchanga kutoka Nairobi? Hapa tunao wa kutosha.”

Nilidhani nimechekesha. Akasema, “Sawa.” Jua lilipokaribia kuzama aliniuliza, “Leo utalala wapi?” nikamjibu, “Nje, kama kawaida.” Nikauawa. Siku hiyo alichelewa sana kuja kunichukua.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya hapo akawa na masomo ya ziada. Baada ya masomo ya ziada akawa na kichwa kinachouma. Mwisho akawa hana hata sababu, alikuwa haingii tu. Maneno yake ya mwisho katika mchezo yalikuwa, “Wewe huoni kitu, Aba.” Niliyachukua kama mwalimu anavyochukua matokeo mabaya: nimefeli kwa kukosa vifaa. Nikasema nitanunua skrini, tena ile ya wachezaji wenyewe, nione kila tofali, niliue zimwi kabla halijaniua, na mtoto asione haya kucheza na baba yake. Niliogopa kwamba nikimpoteza kwenye mchezo, nimempoteza kabisa. Kwenye simu ya kawaida tulikuwa na maneno ya kutosha dakika moja: umekula, umesoma, salimia mama.

Kijana wa dukani ni Msomali, mchangamfu, na mimi na yeye lugha yetu ya pamoja ni Kiswahili. Nilimwahi kabla hajafunga kwa swala ya Ijumaa, akanionyesha kwanza skrini ndogo ya kijivu.

“Hii nzuri kabisa, Mwalim. Ya ofisi. Bicha yake safi.”

“Nataka ya kuchezea.”

“Ya kijana yako?”

“Yangu.”

Alizitazama ndevu zangu, ambazo nilikuwa nimezipaka hina juzi yake, akajikaza asicheke. “Mashallah, Mwalim. Hakuna shida. Kila mtu nacheza siku hizi.” Akanishushia nyingine, pana, nyeusi. Alipoiwasha ikaonyesha shamba la maua, na nikaona maua yale hayakuwa mekundu tu. Kulikuwa na wekundu wa kila namna, mpaka nikajisikia mjinga kwa miaka niliyoishi na ile yangu. Kizuri chajiuza. Bei siisemi, maana hata sasa nikiikumbuka nakasirika.

Niliipakata kwenye tuktuk kama mtoto mgonjwa. Pale mlangoni jirani yangu, mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia, akaliona boksi.

“Mwalimu, umenunua TV! Watoto watakuja kuona mpira?”

Nikamwambia si TV, haina stesheni hata moja, ni ya kompyuta. “Ni ya kuonea nini basi?” akauliza. Nikasema ni ya kazi. Alinitakia baraka akaingia kwake, nami nikasikia watoto wake wakimpokea kwa kelele zao zote.

Ndani kwangu, kufunga skrini ile kukawa mtihani. Mguu wake huja peke yake, na skrubu za kuuunganisha. Kwenye karatasi ya maelekezo, ambayo ni picha tupu, wamechorwa watu wawili: mmoja ameshika kioo, mwingine anakaza skrubu. Niliitazama ile picha kwa muda. Wachoraji hao hawakufikiria kwamba mtu anaweza kuwa peke yake. Nililaza skrini kifudifudi juu ya godoro, nikaibana kwa magoti, nikaukaza mguu, na nilipoisimamisha nikakuta nimeufunga kinyumenyume. Nikafungua, nikaanza upya. Jasho lilinidondoka kwenye kioo kipya nikalipangusa kwa kanzu. Nilitamani kuwe na mtu hapo hata wa kuniambia, “Si hivyo.”

Nilipochomeka waya na kuiwasha, haikutoa sauti. Haina spika. Sikujua kuna kitu cha bei ile kinachouzwa bubu. Sikujali sana, sauti niliyoitaka ilikuwa ya simuni.

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo nikaingia katika dunia yetu. Yeye hakuwemo. Nilijua hatakuwemo, bado nikaangalia, kama unavyoangalia stendi hata kama basi la Habaswein limeshaondoka.

Nilikuwa nimesimama mwanzo wa dunia, mahali pa waliokufa. Safari hii niliona njia. Alikuwa ameipanga kwa mawe madogo, kutoka pale mwanzo hadi kwenye ngamia wangu, na siku zote hizo nilikuwa nayakanyaga bila kuyaona. Niliyafuata. Nilipanda kilima chake, nikashuka, nikauona uzio wangu. Na hatua chache kutoka kwenye uzio, juu ya mchanga, palikuwa na nyumba.

Haikuwa mnara wala jumba. Ilikuwa nyumba ya kwetu, ya duara kadiri matofali yanavyokubali kuwa duara, imefunikwa kwa sufu nyeupe na mawe ya rangi ya mchanga, mlango mfupi. Ilikuwa ile anayojenga mama yangu Griftu, ambaye likizo moja alimkalisha mjukuu wake chini na kumfundisha kupinda matawi. Kwenye skrini yangu ya zamani weupe wote ulikuwa mmoja. Nyumba ilikuwa mbele yangu kabisa, nami niliona mchanga.

Niliinama nikaingia. Ndani alikuwa ameweka jiko, na rafu ya vibuyu upande ule ule ambao mama yangu huweka vyake. Na kitanda. Kitanda kimoja. Katika mchezo ule ukilala kitandani hata mara moja, hapo panakuwa kwako: ukiuawa popote, unarudi hapo, hakuna wa kukufuata tena mwanzo wa dunia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yangu ana neno lake, na najua alimwambia mtoto siku ile ya matawi, maana humwambia kila mwanamke anayemfundisha: mtu akijengewa nyumba akaipita asiingie, amemkataa aliyeijenga. Binti yangu alisikia kwangu kwamba nyumba ni ya mwanamke kujenga. Akanijengea. Kisha akasimama pale na nguo zake nyekundu akanitazama naipita, nafanya mzaha wa mchanga, nalala na ngamia mlangoni pake na kufa, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nilipiga simu ya mama yake. Tulisalimiana vizuri. Alisema mtoto anajiandaa kwenda madrasa, nikamwomba anipe dakika moja tu. Nikasikia hatua zake.

“Aba. Uko wapi?”

“Niko nyumbani.”

“Garissa?”

“Hapana. Kwako. Kwenye mchanga. Mlango mfupi, nimegonga kichwa.”

Nilisikia shungi lake likisugua simu.

“Nilikuwa siioni,” nikasema. “Wallahi, skrini ilikuwa imekufa. Nimenunua nyingine leo.”

“Nilidhani huitaki.”

“Naitaka.”

“Umelala kwa kitanda?”

“Bado. Nilikuwa nangoja mwenye nyumba anikaribishe.”

Akavuta pumzi, au alikuwa anapangusa pua, sijui. “Karibu,” akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu mzima anavyokaribisha mgeni. Nyuma yake mama yake alikuwa anamwita wanachelewa. “Nikitoka madrasa nakuja. Usitoke, Aba. Ukitoka nitajua.”

“Sitoki.”

Nililala kwenye kitanda chake cha matofali. Jua la mchezo likazama, mazimwi yakazunguka nje, likachomoza tena, likazama tena, mara nyingi nisizozihesabu, nami nimo ndani. Dirishani Garissa ikaanza kupoa. Jirani akafungua mlango wake, watoto wakatoka kucheza. Adhana ya Magharibi ikaita na binti yangu alikuwa bado hajaja. Madrasa huchelewa, na barabara za Nairobi zinajulikana.

Kwa kawaida nazima mashine kabla ya swala. Siku hiyo nilitandika mkeka kando ya meza nikaswali hapo hapo, skrini inawaka mgongoni mwangu, asije akaingia akadhani nimetoka.