Jibu la Nyanzala Lilikuwa Tisa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujifunika kitenge usoni. Nilikuwa mwalimu mpya, nafundisha hesabu darasa la saba katika shule moja ya huku Mkuyuni, na nilijiona nimefika.

Niliandika ubaoni a − b + c, tutafute thamani yake, a ikiwa 10, b ikiwa 3 na c ikiwa 2. Unajua sote tulikaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Basi nikajumlisha kwanza, tatu na mbili, tano. Nikatoa kwenye kumi, nikapata tano.

Msichana mmoja, Nyanzala, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mimi napata tisa."

Hasira zikanipanda. Nikamsimamisha mbele, nikamwamuru aimbe MAGAZIJUTO. Akaimba. "Haya, jumlisha na toa, ipi inatangulia?" Darasa likaangua kicheko na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Ofisini nikamsimulia Mwalimu Bugali, mzee wetu wa hesabu, nikitegemea naye atacheka. Hakucheka.

"Binti yangu, kujumlisha na kutoa hakuna mkubwa. Ukivikuta pamoja unaanzia kushoto kwenda kulia. Kumi toa tatu, saba. Ongeza mbili, tisa. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo. Mtoto yuko sahihi. Rudi ukawaambie."

Sikurudi. Nilichukua daftari la Nyanzala kimya kimya, nikabadilisha alama ya kosa kuwa alama ya vema, nikajiambia yameisha.

Wiki iliyofuata nikamwinua kwa swali jingine. Alisimama akiangalia sakafu. "Jibu ni lolote utakalosema wewe, mwalimu."

Alilisema kwa adabu kabisa, na hapo ndipo nilipoona nilichomfanyia. Nilimwomba radhi palepale mbele ya wenzake, lakini mwaka ule hakunyoosha mkono tena. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mwanangu, wewe unayekwenda kushika chaki, usikaririshe watoto kitu ambacho hujakielewa. Na ukimwaibisha mtoto mbele za watu, mrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao, siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kukuamini wewe kuliko akili yake mwenyewe. Mungu akujalie wepesi wa kusema "nimekosea," na akupe wanafunzi wasioogopa kukusahihisha.