Mama Mdogo Anasoma Mwenyewe

Kilichonitoa Ngara ni mama mdogo Béatrice, mdogo wa marehemu mama yangu, anayeishi Gisenyi. Presha ya macho imemnyima kuona kabisa. Mwanawe Eric yuko Kampala, na tangu walipogombana juu ya kuuza shamba la baba yake hapigi tena simu, huandika tu. Jirani, Josiane, ndiye humsomea. "Josiane iko anasoma muzuri," mama mdogo aliniambia kwa simu, "lakini mi nasikia iko anaruka maneno." Nikamwambia simu yenyewe inaweza kumsomea. Hapo hapo akauliza nakuja lini.

Alhamisi alfajiri nilivuka mpaka wa Rusumo, nikabadilisha gari Kigali. Kupita Musanze baridi ilinishinda, nikajifunga kanga juu ya sweta bila aibu. Jioni pikipiki ilinipandisha Nengo, mtaa wake wa mlimani pale Gisenyi. Mama mdogo alinishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda. Uongo mtupu, lakini nilimshukuru.

Ijumaa tulianza. Niliwasha kisoma skrini, ambacho kimo ndani ya simu siku zote na wengi hatukijui, nikachagua sauti ya Kiswahili. Hapo ukigusa kitu mara moja simu inakitaja; ukigusa mara mbili upesi inakifungua. Alipokosea, nilimchukulia simu nikafanya mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, methali ninayoijua vizuri kuliko ninavyoifuata. Kufika mchana yeye amechoka, mimi nimenuna.

"Bon," akasema, "we unaninyanganyaka simu kila saa. Mi nitajua namna gani?"

Niliona haya. Nikakalia mikono yangu, nikamwacha apapase.

Jumamosi tulikwenda Nyamyumba kwenye maji moto. Akiwa ameloweka miguu, aliendelea na zoezi, na wanawake waliokuwa kando wakasogea kusikiliza simu ikitaja majina ya watu wake mmoja mmoja. Majina ya Kinyarwanda iliyavunjavunja, tukacheka sote.

Jumapili baada ya misa, ujumbe wa Eric uliingia. Nilisogea karibu, nina hamu kuliko mwenyewe. Kidole chake kikalipata jina la mwanawe, simu ikalitaja. Akasita.

"Mutoto yangu," akasema, "toka inje kidogo."

Iliniuma, sifichi. Nimetoka Ngara kwa ajili ya ujumbe ule. Nilisimama uani nikisikia sauti ya simu kwa mbali, bila maneno, ikisoma, ikinyamaza, ikianza upya. Aliponiita mashavu yake yalikuwa yamelowa, na alitaka kujua namna ya kujibu. Nilimwonyesha jinsi ya kusema, simu iandike. Kisha nikatoka bila kuambiwa.

Jumatatu, nikingoja gari, Josiane alinifuata kuuliza safari hii Eric kasema nini. Nilimjibu sijui. Hakuniamini, nami sikumlaumu. Njia nzima hadi Kigali nilikuwa na furaha: tangu macho yake yazimike, hiyo ndiyo habari ya kwanza ya nyumba ile iliyojulikana na Béatrice peke yake.