Siku Malimi Alipopimwa Maneno

Mume wangu Malimi alikuwa fundi redio pale Buzuruga, na mdomo wake ulizishinda redio zake. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, redio kaseti zilimwagika mjini, nzima kwa mbovu, na kibandani kwake watu hawakukauka. Wengine walikuja bila redio, kumsikiliza tu.

Mwaka tisini na tano akapooza upande wa kulia. Maneno yote yakaondoka, likabaki moja: tano. Akitaka chai, tano. Akiumwa, tano. Kaka yake mkubwa, Ngosha, akaja kutoka Magu, akasimama kando ya kitanda cha hospitali akingoja shikamoo yake. Akapewa tano. Hapo hapo akaamua kwamba akili zimetoka: atamchukua akakae kwake Magu, mimi nibaki nyumbani kwetu Kiseke na watoto. Akanionyesha mzee Yeremia wa kitanda cha pili, aliyeongea kutwa. Ugonjwa ule ule, akasema, lakini huyo bado ni mtu.

Nesi Teodora alisikia. Akamwambia Yeremia afumbe macho. Mzee akatoa hadithi ndefu, laini, isiyo na kichwa wala miguu, macho kodo. Akaambiwa ashike kitana, akachukua kikombe akanywa.

Akaja kwa Malimi. Fumba macho, akafumba. Gusa kitana, kisha nipe kikombe. Akafanya vyote, kwa mkono wa kushoto, bila kukosea.

"Yule anasema, haelewi," Teodora akamwambia Ngosha. "Mdogo wako anaelewa, kusema ndiko kunamshinda. Muulize mwenyewe."

Ngosha akamuuliza kama wataondoka wao wawili kwenda Magu. Malimi akatikisa kichwa. Shemeji akadai kichwa kinajitikisa tu. Nikamwambia chake je, mbona hakitikisiki kikaingia akili.

Teodora akaligeuza swali. "Malimi, unabaki Kiseke na mkeo?"

Akainamisha kichwa mara moja, akinitazama mimi. "Tano."

"Haya, mdogo wangu," Ngosha akasema, akaenda kutafuta basi la Magu peke yake.

Tuliishi naye miaka saba mingine. Alitengeneza redio kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia. Aliponyoosha kidole nimpe bisibisi, mara nyingine nilikosea nikampa koleo; alitikisa kichwa, nami nilifoka, kisha nikairudisha na kumtafutia anayoitaka. Siku hizi hakuna wa kunikatalia kitu, na nyumba imepoa.