Kasuku Aliyejinyonyoa

Mume wangu alipomleta mama yake kutoka magharibi, tulikuwa tukiishi chumba kimoja na jiko katika nyumba za kaunsili huku Eastlands, na tayari tulikuwa watatu: yeye, mimi na kasuku.

Hakuwa mmoja wa wale kasuku wakubwa wa kijivu. Alikuwa mdogo, wa kijani kibichi, uso wa njano na mkia mrefu, na angeweza kutulia kiganjani. Niliachiwa na rafiki yangu aliyehamia Mombasa. Nilikuwa nikipakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na jioni nilipofika nyumbani, nguo zikinuka vanila, nilifungua tundu lake kabla hata ya kuvua viatu. Alinirukia begani akaniuliza, "Umechoka?" Sikuwahi kukaa chini kumfundisha. Alilidaka tu, kwa kuwa ndilo neno nililomwambia mume wangu kila alipoingia.

Mama mkwe alikuwa amefiwa na mumewe, na mwanawe hakutaka akae peke yake kwenye boma. Mimi ni Mkikuyu, yeye ni Mluhya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kusalimia watu kanisani, na mimi lugha yake sikuijua hata kidogo. Tuliishi kwa kutabasamu na kupeana vikombe vya chai. Mchana kutwa alikaa kwenye kitanda chake, mikono mapajani, akitazama ukuta.

Kitanda hicho kilihitaji nafasi, basi tukafunga pazia na kukiweka kwenye kona ya ndani, pale tundu la kasuku lilipokuwa limening'inia. Tundu nikalihamishia dirishani. Nilidhani nimempandisha cheo yule ndege: mwanga, hewa, na watoto wa kutazama wakicheza uwanjani.

Haukupita muda mrefu akaanza kubadilika. Kwanza alinyamaza. Halafu akawa haji begani. Nilipoingiza mkono alirudi nyuma akaachama mdomo, na siku moja aliniuma kidole mpaka damu ikatoka. Kisha nikaanza kuokota manyoya chini ya tundu. Si yale marefu yanayodondoka yenyewe, bali yale laini ya kifuani. Alikuwa akijinyonyoa, moja moja, mpaka ngozi yake ya waridi ikaonekana.

"Huyu atakufa," mume wangu alisema. "Mtafutie mtu mwenye nafasi."

"Nafasi anayo. Hakuwa hivi."

Nilikwenda Pumwani kwa mama mmoja wa Majengo niliyezoea kununua mtama kwake, ambaye naye alifuga ndege. Nikamweleza yote. Hakuniuliza anakula nini wala analala vipi.

"Kuna nini kipya nyumbani?" akauliza.

"Mama mkwe."

Alicheka akashika kiuno. "Basi dawa yake mimi sina!"

Nilirudi nikicheka pia, lakini njia nzima neno lile lilinikaa akilini. Nikaanza kumtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Nilijiuliza kama ni kitambaa chake cheusi cha kichwani ndicho kinachomtisha, au kikohozi chake, au kule kunyamaza kwake. Kila jioni nilipoingia alinyoosha kidole dirishani akasema kitu kwa lugha yake, kwa sauti ya mtu anayesihi. Mimi nilidhani anasikia baridi. Nilijibu, "Ndiyo, Mama," nikafunga dirisha; hata kumuuliza mume wangu aliporudi sikuwaza.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambapo mashine kubwa ya kiwandani iliharibika, tukaruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi. Nilipofungua mlango nilikuta vita. Kwa nje, kwenye kizingiti cha dirisha, alikuwa ameketi paka mkubwa wa milia, pua yake imegusa wavu wa dirisha. Kasuku alikuwa amejibana upande wa pili wa tundu akipigapiga mabawa. Na mama mkwe, aliyekuwa hata sauti hapandishi, alikuwa ameinua ndara yake juu akiipiga kwenye fremu ya dirisha, pa! pa! Paka hakujali. Kasuku ndiye aliyezidi kupiga kelele.

Paka aliponiona akashuka polepole. Mama akageuka, ndara mkononi.

"Huyu," akasema akihema. "Kila siku. Wewe kwenda, yeye kuja."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikwambia!" Akanyoosha kidole dirishani akalirudia lile neno la kila jioni. Ndipo nilipoelewa kwamba maana yake ilikuwa paka. Nami nilikuwa nikimfungia dirisha nikimwambia ndiyo.

Nilianza kucheka mimi, kisha naye akanifuata, akajifunika uso kwa mkono. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake.

Mchana huo tulihamisha tundu sisi wawili. Mahali pa pekee ambapo hapakuonekana kutoka dirishani palikuwa pale pale pa zamani, juu ya kitanda chake. Nilisita, lakini yeye alikwisha vua viatu akapanda kitandani kupima kamba. "Hapa," akasema. Aliniambia kwa maneno machache na mikono mingi kwamba kuku akishatishwa na mwewe, humkimbilii kumshika. Unamwacha aone kwamba mwewe hayupo.

Basi nikaacha kuingiza mkono. Jua likianza kuzama tulifunika tundu kwa leso, apate kulala mapema bila taa na redio. Asubuhi nilimchomekea jani la sukuma wiki kwenye waya nikaondoka. Na mama, aliyekuwa akitazama ukuta, sasa alikaa chini ya tundu akimenya kunde na kuzungumza na ndege kwa sauti ya chini, muda mrefu.

"Anamwambia nini?" nilimuuliza mume wangu tukiwa jikoni.

Alisikiliza. "Habari za baba," akasema. "Anamsimulia walivyojenga nyumba ya kwanza. Mimi mwenyewe hajanisimulia."

Haikuwa safari iliyonyooka. Watoto walipopiga mpira ukatua juu ya mabati yetu, kasuku alirudia kujinyonyoa, nikakata tamaa. Mama hakukata. Alileta shuke la wimbi alilotoka nalo nyumbani akalishika karibu na tundu, mkono umetulia kama wa mtu anayesali. Siku iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Hatimaye ndege akanyoosha shingo akadonoa. Baadaye nikaona kifuani pake vijiti vidogo vyeupe kama ncha za sindano, na kila kijiti kilipopasuka, kijani kikachungulia.

Siku kasuku aliposema tena, mimi na mama tulikuwa nje kwenye mfereji tukikinga maji. Mume wangu alitoka mbio, koti la kazi begani.

"Nimeingia nikasalimiwa kwa lugha yetu, 'mulembe'," akasema. "Nikajibu. Nikauliza habari za mchana. Halafu nikafungua pazia, hakuna mtu!"

Mama alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipopata pumzi alinishika mkono.

"Ndege amekushinda," akaniambia. "Sema: mulembe."

Nikasema. Akanirekebisha, nikasema tena, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakajibu kwa pamoja.

Mama alikuwa amepanga kurudi kwao msimu wa kupanda. Lakini tulipokuwa tukibeba maji kuingia ndani alisimama akaangalia kile kipande cha ardhi kando ya mfereji, palipokuwa na majani tu na matope.

"Hapa ni pa nani?" akauliza.

"Si pa mtu, Mama."

Aliweka ndoo chini, akainama, akachimbua udongo kwa kidole akauviringisha kiganjani. "Kunde zitaota," akasema.