Mtungi wa Mwisho wa Mama Ki-seop

Mwalimu wa darasa letu la wazee kaning'ang'ania kama ruba. Kila Jumanne ni yale yale: "Bibi, andika habari za mtu mmoja unayemjua." Namwambia nimeanza kujua herufi nikiwa na miaka themanini na moja, vidole vimepinda kwa kung'oa vitunguu saumu, sasa unataka na hadithi? Anacheka tu. Wenzangu wameandika habari za mbwa wao na za wajukuu. Mimi nitaandika habari za Baba Ki-seop, jirani yangu wa ukuta mmoja, kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika, na kwa sababu nimechoka kusumbuliwa. Nikikosea herufi shauri lako, mwalimu, ulinifundisha wewe.

Jina lake Tak Man-su. Ni fundi wa matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono. Hapa kijijini kwetu Goheung, kusini mwa Korea, trekta la mtu likigoma asubuhi ya kupanda mpunga, anaitwa yeye. Anatega sikio, anagonga mara mbili kwa spana, anasema, "Limeziba pua," na kweli linawaka. Lakini nyumbani kwake hakujua jiko la gesi linawashwa upande gani. Miaka hamsini na mbili mkewe alimwekea meza ya chakula mbele ya magoti, akala, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ahsante sijawahi kuisikia, na ukuta wetu ni mfupi.

Mkewe alikuwa Heo Bun-rye. Sisi tulimwita Mama Ki-seop, kwa mwana wao huyo mmoja. Yeye na mimi tulishindana kwa kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, sina haja ya kuficha. Kila mwisho wa Novemba, wanawake wote wakikusanyika kutia kabichi chumvi na pilipili ya mwaka mzima, watu walionja kwake, wakaja kuonja kwangu, wakanyamaza kwa adabu. Yeye alitia dagaa waliochachushwa na mchuzi wa vichwa vya samaki mkavu. Mimi natia uduvi. Siku moja aliniambia mbele ya watu, "Mama Ok-hui, chako kizuri, ila kina haraka." Kina haraka! Miaka arobaini sijajua maana yake, na bado kinaniuma.

Huyo Ki-seop aliondoka akiwa kijana. Baba alitaka arithi spana, yeye akataka kwenda Ulsan kuunganisha meli. Baba akalitupa begi lake kwenye mfereji wa mashamba, akamwambia, "Ukivuka daraja lile, usirudi." Mtoto akaliopoa begi likiwa linachuruzika maji, akavuka. Miaka ishirini na miwili hakurudi. Mama alikuwa akija kwangu kumpigia simu, anajifanya ameleta figili.

Bun-rye alifariki Januari moja, akiwa anakunja nguo. Ki-seop alikuja kwenye ukumbi wa maziko wa hospitali, akapokea wageni siku tatu, akarudi Ulsan bila kufika nyumbani. Yeye na baba yake hawakusemezana ila mambo ya jeneza.

Septemba simu ikalia. Nilikuwa uani kwao nageuza pilipili juani, nikasikia yote, maana Baba Ki-seop hasikii vizuri na simu yake inapiga kelele kama redio.

"Baba. Nitakuja kumbukumbu ya mwaka wa mama."

"Njoo."

"Kimchi cha mama kimebaki?"

"Kipo."

"Basi nikaangie nacho wali. Ule niliokuwa nakula nikitoka shule."

Akakata. Mzee akabaki kaishika simu kama kashika kifaranga.

Kilikuwa kimebaki mtungi mmoja tu, umefukiwa nyuma ya nyumba chini ya mti wa persimoni, uzaao matunda ya rangi ya chungwa. Mingine mzee alikwisha kuila na tambi za pakiti, bila hata kufikiri anakula nini. Huu ndio ulikuwa wa mwisho wa mkono wa Bun-rye, na mwana alikuwa anakuja kwa ajili yake. Si kwa ajili ya baba, tusidanganyane.

Kesho yake alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mama Ok-hui, nifundishe kukaanga wali."

"Wewe?"

"Mimi."

"Yai lenyewe hujawahi kulivunja."

"Injini nimevunja ngapi? Nitashindwa na yai?"

Alishindwa. Alivunja sita, yakaingia na maganda. Nikamwambia, "Mwiko si spana, Baba Ki-seop, usiukaze." Akaniambia nifunge mdomo nifundishe.

Sasa, kujifunza kunataka kimchi. Nikamletea changu, kilichochachuka vizuri, bakuli limejaa. Alionja kipande kimoja, akaweka chini vijiti.

"Hiki hapana."

"Kina nini?"

"Si chake."

"Najua si chake! Ni cha kujifunzia."

"Nikijifunzia chako, mkono utazoea chako. Na hata marehemu alisema chako kina haraka."

Nikakusanya bakuli langu. Akaniuliza kwa upole, kama mtu aliyepata akili, "Kabichi yake sitaigusa. Nikichota yale maji yake tu, nikakaangia wali, si nitapata ladha ya kujifunzia?"

Nikamjibu, "Maji ndiyo yenye ladha."

Mwanamke gani wa huku hajui? Kabichi lazima izame ndani ya maji yake, jiwe juu, ndipo inakaa mwaka na zaidi. Ukiyachota, inabaki wazi, hewa inaingia, inaoza. Yeye alikuwa anaona bakuli mezani tu, ndani ya mtungi hakuwahi kuchungulia. Ningemwambia, "Hiyo ni oili ya injini," angeelewa papo hapo. Maneno matano. Sikuyasema. Nilijiambia atachota kijiko kimoja, viwili, atachoka.

Hakuchoka. Oktoba, Novemba, Desemba, kila adhuhuri nilisikia kikaango. Alijifunza, lazima niseme. Alichukua wali kiporo, maana wali wa moto unashikana. Akatia mafuta ya nguruwe kidogo, kitunguu cha majani, sukari ya kubana kwa vidole viwili kuvunja uchachu. Kisha wali, anaukandamiza kwa mgongo wa mwiko mpaka punje ziachane. Kisha yale maji mekundu, vijiko vitatu, kikaango kinapiga kelele. Anauacha bila kuugusa mpaka chini ufanye ukoko. Yai juu, kiini kinatikisika. Mwani wa kuchoma anaufikicha kwa vidole vyake vyeusi vya oili. Alikuwa ananipitishia sahani juu ya ukuta, "Onja." Nami nikala. Nilikula ladha ya Bun-rye miezi mitatu, kijiko kwa kijiko, nikijua inatoka wapi.

Siku nane kabla ya kumbukumbu akaniita. Sikuwahi kusikia sauti yake vile. Mtungi ulikuwa wazi. Juu utando mweupe, chini yake weusi, kabichi imelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Nilipiga magoti kwenye theluji, nikaingiza mkono mpaka bega nikitafuta hata jani moja zima huko chini. Lilikuja tope.

"Baridi si ilitosha?" akaniuliza. "Umekufa kwa nini?"

Nikasema, "Wakati mwingine hutokea."

Akakaa juu ya kreti. Kisha akasema, "Leta chako."

"Changu kipi?"

"Cha mwaka ule ule. Ki-seop asione mtungi mtupu."

Tukauosha mtungi wa Bun-rye kwa maji ya moto, mimi na yeye, nikahamishia changu. Cha uduvi. Kabla ya kufunika nilisema polepole, "Bun-rye, nisamehe." Mzee akadhani namsemesha yeye, akaitikia, "Eh?"

Ki-seop alifika mchana. Mnene sasa, mvi masikioni, viatu vizuri. Mezani kwa marehemu hatuweki pilipili nyekundu wala kitunguu saumu, kwa hiyo mama mwenyewe hakutengewa kimchi. Mwana alilishwa kwanza, ibada jioni. Baba alikaanga. Akaiweka meza mbele ya magoti ya mwanawe, nami nikiwa nimekaa mlangoni kama mtu aliyeleta figili.

Ki-seop akapasua kiini. Akala kijiko cha kwanza, cha pili. Macho yakajaa.

"Ndio huu," akasema. "Ndio mkono wa mama wenyewe. Ningeujua popote."

Miaka arobaini nilitaka mtu wa nyumba ile akisifu kimchi changu. Siku hiyo kilisifiwa, na wa kumtambia alikuwa picha juu ya kabati.

"Kula," baba akasema. Hawakuzungumza kingine. Ibada ikafanyika, wakainama pamoja, na asubuhi Ki-seop akaomba kopo la kimchi aende nalo. Tukampakia. Huko Ulsan kuna friji yenye uduvi wangu, na watoto wa Ki-seop wanaambiwa, hiki ni cha bibi yenu.

Basi lilipoondoka nilimwambia mzee, ili kumpoza, "Angalau hakujua."

Akatazama barabara. "Mama Ok-hui, mimi mwenyewe nilionja jikoni kabla ya kumpa. Nikaona ni chake. Mpaka sasa sioni tofauti."

Akaingia ndani. Ndiye aliyeweka vijiti chini kwa kipande kimoja, akasema si chake, Septemba tu. Kilichokuwa ulimini mwake kimekwenda na yale maji.

Sasa anakula tambi za pakiti. Kikaango kakining'iniza kwenye karakana kati ya mikanda ya matrekta. Mwaka wa pili Ki-seop alituma sanduku la peasi, yeye mwenyewe hakuja. Alichokuwa amefuata alikwisha kukila. Ladha ya Bun-rye nimebaki nayo mimi peke yangu. Novemba hii nilijaribu. Nilinunua dagaa, nikachemsha vichwa vya samaki mkavu, nikafanya yote niliyomwona akifanya. Kikatoka changu. Kina haraka.

Kuhusu yale maneno matano, sijamwambia. Nimeyaandika hapa kwanza. Akisoma, na asome.

Sasa zamu yako, mwalimu, na wewe mwingine unayesoma na miwani yako mizuri. Nimekuandikia mpaka kiganja kimevimba. Nenda kwa mama yako, kama yupo. Funua mtungi wake, onja, muulize kuna nini ndani na kiasi gani, andika, kisha kipike wewe mbele yake mpaka akwambie ndicho. Niletee karatasi hiyo Jumanne. Ukija mikono mitupu, usiniite tena bibi, na usiniombe herufi hata moja.