Ufunguo wa Akiba

Watu walimwita Kitasa, na jina likamkaa. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, jiliwa moja la kubania chuma lililokazwa kwenye meza, tupa nne zilizochakaa, na mashine ya kuchongea funguo iliyolia hadi meno ya wapita njia yakaingia ganzi. Ukipoteza ufunguo, ukijifungia nje, ukigombana na mpangaji, ulikwenda kwa Kitasa. Hakuwa na maneno mengi, hakuchelewa, na hakuuliza kwa nini. Hiyo ya kutouliza ndiyo iliyomletea wateja, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kumtoa jasho.

Maana Kitasa aliitwa sana kwenye misiba, na si kwa ajili ya kuomboleza. Maiti haijatoka ndani, ndugu mmoja anamvuta pembeni na kumwambia kuna kazi ya haraka. Watu wakiwa makaburini, yeye yuko mlangoni na bisibisi, anang'oa kitasa cha zamani na kuweka kipya. Katika miaka ishirini na tatu ya kazi alikuwa amegundua jambo moja. Karibu kila mara, huyo ndugu alikuwa ameshafika kibandani siku za nyuma, mgonjwa angali hai, kuomba nakala ya ufunguo. Alikuja akitabasamu, na alisema, "Huwezi jua." Wote walisema hivyo hivyo, utadhani wamefundishwa darasa moja.

Basi Jumatatu moja, siku tatu kabla Kitasa mwenyewe hajapasuliwa ngiri, kaka yake mkubwa alifika kibandani, akaegemea meza, akatabasamu.

"Mdogo wangu, nichongee ufunguo wa akiba wa nyumba yako. Huwezi jua."

Kitasa aliweka tupa mezani.

"Ni ngiri tu, kaka. Watu wanapasuliwa na wanarudi nyumbani."

"Daktari alisema moyo wako hauko sawa. Nilikuwepo, nilisikia."

"Mama watoto yupo nyumbani. Ufunguo anao."

"Shemeji ni mtu mzuri, sina neno naye," kaka alisema, taratibu kabisa. "Lakini nyumba ni ya kwetu."

Kaka hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Kitasa zaidi. Kaka ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, ndiye aliyemnunulia tupa ya kwanza. Angekuwa jambazi, Kitasa angejua pa kuanzia. Mtu aliyekulisha utamnyima vipi kipande cha chuma? Akawasha mashine, akachonga. Ila akalipunguza jino moja kupita kiasi, na kusema kweli hakujitahidi kulirekebisha. Ufunguo ungeingia lakini usingezunguka. Kaka akautia mfukoni, akashukuru, akaenda zake.

Kitasa alibaki ameketi, akijicheka kwa uchungu. Amejikinga na nini sasa? Kaka ataujaribu, utagoma, ataita fundi mwingine. Na fundi mwingine hatauliza kwa nini.

Ndipo akamkumbuka mama mmoja mjane. Miaka sita alikuwa amefanya kila hila asimkumbuke. Siku ile alikuwa anakaza skrubu ya mwisho kwenye mlango wa marehemu, mjane akarudi kutoka makaburini mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alimpita Kitasa, akachomeka ufunguo wake, akazungusha. Akajaribu tena. Kisha akamgeukia, kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtaalamu.

"Fundi, mbona ufunguo wangu haufungui?"

Kitasa hakujibu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa alimwona mama watoto wake amesimama mlangoni vile vile. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na moja bila kwenda kuandikisha ndoa. Kila mwaka walisema mwaka huu, na mwaka ukapita. Binti aliyekuja naye akiwa na miaka mitatu alimwita Kitasa baba, na baba mwingine hakumjua. Lakini kwenye makaratasi hao wawili walikuwa wapita njia tu. Wangetolewa ndani ya nyumba waliyoijenga wote watatu, binti akibeba matofali mawili mawili. Kitasa alifunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa wakili.

Wakili alimsikiliza, akamwandikia karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa wosia: nyumba kwa mama watoto, na baada yake kwa binti. Ya pili ilimruhusu mama watoto kusimamia mali yake yote iwapo yeye angekuwa hai lakini hajitambui.

"Ulikuwa unangoja uugue ndiyo uje?" wakili aliuliza.

"Nilidhani wosia ni wa wazee na matajiri."

"Una mlango?"

"Ninao."

"Basi unahitaji wosia. Niletee mashahidi wawili ambao hawarithi chochote."

Wa kwanza alikuwa fundi saa wa jirani, mtu asiyefumbua mdomo bila sababu. Wa pili alimpa shida. Kila aliyemfikiria alikuwa rafiki wa kaka. Kabla ya jioni habari ingekuwa imefika. Alihitaji mtu ambaye siku ya siku angesimama mbele ya kaka bila kuyumba. Alimjua mmoja tu, na mtaa wake alikuwa ameukwepa miaka sita.

Alimkuta yule mjane barazani, anashona sare za shule. Mama hakunyanyua kichwa.

"Fundi wa vitasa," alisema. "Umepotea njia?"

Kitasa alimweleza yote akiwa amesimama. Mama alimaliza mshono, akakata uzi.

"Siku ile ulijua nipo makaburini?"

"Nilijua."

"Na ulijua nyumba ni yangu?"

"Nilijua. Nisamehe, mama."

"Kusamehe tutaongea siku nyingine." Akafunika cherehani yake. "Huyo mwanamke wako hajanikosea kitu. Twende."

Alhamisi asubuhi, wodini, Kitasa alimkabidhi mama watoto bahasha iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Ukikuta mlango haufunguki, usibishane na mtu pale mlangoni. Nenda kwa wakili moja kwa moja."

"Unaongea kama unaaga."

"Naogopa," alisema Kitasa. "Kisu nakiogopa kidogo. Hilo la mlango naliogopa sana."

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Taa za dari zilimpita moja moja, naye alikuwa bado anawaza lile jino alilolipunguza.

Alizinduka Jumamosi mchana. Moyo ulikuwa umesimama kwenye meza ya upasuaji, wakauwasha upya, akalala siku mbili bila kujitambua. Mama watoto alikuwa ameketi kando yake, macho yamevimba. Alipoona amemtambua, alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akaweka ufunguo juu ya shuka. Ulikuwa mpya, unang'aa, bado una makali, na haukuwa ule aliomchongea kaka. Kitasa hakuhitaji kuambiwa kwamba mlango wake umebadilishiwa kitasa.

"Lini?" aliuliza, kwa sauti iliyokwaruza.

"Jana. Nilikwenda kuchukua kanga na sabuni, wangu ukagoma. Shemeji alikuwa ndani. Alisikia moyo wako umesimama, akadhani umeshatutoka, anasema alikuwa analinda mali ya familia."

"Ukabishana naye?"

"Uliniambia nisibishane. Nilikwenda kwa wakili, naye akamwita yule mama mshonaji. Tukarudi pamoja na askari. Wakili akasoma karatasi ya pili pale mlangoni, yule mama akasema mbele ya watu wote kwamba alikuona ukiisaini na akili zako timamu. Shemeji alikaa kwenye ngazi akalia, akanipa huo ufunguo. Binti yuko nyumbani sasa hivi, anafua."

Kitasa alifumba macho. Hofu ilimjia sasa, baada ya kila kitu kupita, akatetemeka hadi kitanda kikalia. Mama watoto alimfunika vizuri.

"Fundi aliyebadilisha alikuwa bado yupo?" aliuliza baadaye.

"Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Nilimuuliza mbona ufunguo wangu haufungui."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake."